Pai iliyorudi jikoni: majarida ya walaji mboga na mgeni vegani

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Moshi, vyumba sita, na wateja wangu wengi ni wapanda mlima na vijana wa kujitolea. Mgeni mmoja Mwingereza aliniachia majarida tisa ya chakula ya walaji mboga, nami nimekuwa nikipika humo. Juzi nilimpikia dada mmoja vegani, yaani asiyekula chochote kinachotokana na mnyama, hata maziwa na mayai, pai ya boga na mchicha iliyoandikwa V pembeni. Alipoonja tu akauliza kama kuna jibini. Ilikuwemo, imeandikwa kwenye mahitaji. Akala wali mtupu na parachichi, mimi nikabaki nimeinama. Sasa nauliza: haya majarida yanamhesabu vegani kuwa msomaji wao au hapana? Alama zao nizisomeje? Na inafaa nilipie niwe naletewa kila toleo?

Jibu: Marahaba, mama. Pole kwa aibu ile, ingawa ukiniuliza mimi si yako peke yako. Nusu yake ni ya mhariri aliyeona herufi moja inatosha.

Ndiyo, wanamhesabu, na siku hizi kuliko zamani. Ila wanamhesabu kama mgeni aliyefika akakuta chakula kimeshapikwa kwa ajili ya wengine. Anavutiwa kiti, anaonyeshwa hiki kula, kile acha. Chungu hakikuinjikwa kwa sababu yake. Ukilisoma jarida ukiwa na hilo kichwani, mengi yatajieleza yenyewe, hata ile V.

Katika majarida mengi ya Uingereza, V ikiwa peke yake inamaanisha vejiteriani, yaani mlaji mboga: hamna nyama, hamna kuku, hamna samaki, basi. Maziwa, jibini, siagi, mayai na asali vinapita. Vegani huwekewa alama yake, mara nyingi VG au Ve, au neno lenyewe linaandikwa lote. Ubaya ni kwamba herufi hizi hazina sheria moja inayowabana wote. Nimeshashika menyu ambayo VG ilikuwa kifupi cha vejiteriani na V ndiyo ya vegani, kinyume kabisa na jarida lililokuwa mezani palepale. Kwa hiyo kabla hujatazama picha, tafuta ule ukurasa wa mwanzoni au wa orodha ya mapishi unaoeleza alama, ambao kwa kawaida umeandikwa kwa herufi ndogo kama masharti ya mkopo. Usipouona, soma mahitaji yote hadi mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho ndio wenye jibini ya kunyunyizia juu.

Mtego huohuo uko kwenye pakiti. Ukienda Arusha kwenye maduka yanayouza bidhaa kutoka India utaona kidoto cha kijani ndani ya kimraba. Wapishi wengi wanakichukulia kama leseni ya kumlisha vegani. Siyo. Kidoto kile ni cha mlaji mboga wa Kihindi, ambaye mayai hali lakini maziwa, mtindi na samli ndio uhai wa jiko lake. Biskuti yenye unga wa maziwa inapata kidoto cha kijani bila shida.

Na sisi wenyewe tuna mtego wetu wa lugha, tena wa nyumbani kabisa. Neno mboga kwetu halijawahi kumaanisha majani peke yake. Ukimuuliza mtoto "leo mboga gani?" anakujibu "nyama", na hakuna anayeshangaa. Mboga ni kile kinacholiwa na ugali au wali: dagaa, maharage, mlenda, kuku. Ndiyo maana mtu akisema "yule mgeni anakula mboga tu" jikoni mwetu, kila mpishi anasikia lake. Miaka mingi iliyopita, nikiwa jikoni kwenye hoteli moja ya watalii njia ya kwenda Usa River, walikuja wageni kumi na wawili vegani. Niliwaandalia maharage ya nazi, kachumbari, mchicha wa karanga na chapati. Mmoja akamuuliza mhudumu kama chapati ni salama, mhudumu akaja dirishani kuniuliza, nami nikajibu kwa kujiamini kabisa: "Hamna nyama humo." Kweli haikuwemo. Kulikuwa na vijiko vinne vya samli kwenye donge, na nyingine nilikuwa napaka juu kwa brashi wakati nasema. Waligundua kwa harufu. Tangu siku ile siulizi wala sijibu kuhusu nyama. Nataja vitu kwa majina: maziwa, siagi, samli, mayai, asali, supu ya mifupa. Ukimtajia mgeni vegani majina hayo moja moja siku anayofika, atakujibu kwa furaha, maana anajua unajua.

Sasa turudi kwenye majarida, na hapa itabidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu huo ugeni wa vegani kwenye meza ya walaji mboga ni wa tangu mwanzo. Chama cha walaji mboga cha Uingereza kiliundwa mwaka 1847 huko Ramsgate, na miaka miwili baadaye jarida la Vegetarian Messenger likaanza kutoka. Kwa karibu miaka mia moja, msomaji wa jarida la namna hiyo alikuwa mtu aliyeacha nyama lakini akabaki na mayai na jibini. Mwaka 1944 mtu mmoja aitwaye Donald Watson, na wenzake wachache wasiotumia maziwa, waliomba wapewe nafasi ndani ya jarida hilo wawe wanaandika mambo yao. Walikataliwa. Novemba mwaka huohuo Watson akatoa kijarida chake, The Vegan News, na neno vegan lenyewe likazaliwa hapo: walichukua herufi tatu za mwanzo na mbili za mwisho za vegetarian. Kwa hiyo mama, vegani walianza kuwa na jarida lao kwa sababu walinyimwa kurasa kwenye jarida la wenzao. Ninapoona leo jarida la walaji mboga limeweka "ukurasa wa vegani" katikati, huwa nacheka kidogo. Ndicho Watson alichokuwa anaomba.

Mlango umefunguka kwa hatua. Tarehe 1 Novemba inaadhimishwa tangu 1994 kuwa siku ya vegani duniani, na mwaka 2014 ikaanza huko Uingereza kampeni ya Veganuary, ya kuwashawishi watu wale kivegani mwezi mzima wa Januari. Miezi hiyo miwili imekuwa msimu kwa wahariri, kama Desemba ilivyo msimu kwetu Wachaga wanapopanda nyumbani. Toleo la Januari linajaa mapishi ya vegani, la Machi linarudi kwenye jibini. Angalia majarida yako tisa. Kama yana tarehe, panga kwa miezi uone.

Nje ya misimu hiyo, vegani anahudumiwa kwa njia mbili hivi. Ya kwanza ni mapishi ambayo hayakuwa na maziwa wala mayai tangu yalipobuniwa: mchuzi wa dengu, supu ya njegere, biringanya ya kuoka na ufuta. Hayo pika kama yalivyo. Ya pili ni ule mstari mdogo chini ya mapishi usemao, kwa maneno yangu, "ukitaka iwe ya vegani, acha jibini" au "tumia maziwa ya mimea badala ya maziwa". Huo mstari ndio ninaotaka tukae nao, kwa sababu ndimo wapishi wanamoumia.

Mstari ule mara nyingi haujapikwa. Umeandikwa. Mpishi wa jarida alipika pai yenye jibini, akaipiga picha, kisha mtu kwenye meza ya uhariri akaongeza sentensi ili wasomaji vegani nao wapate chochote kwenye ukurasa huo. Utaujuaje? Fanya hivi: weka kidole juu ya kile wanachokuambia ukiache, halafu jiulize kilikuwa kinafanya kazi gani ndani ya sufuria. Kama kilikuwa pambo, mfano kijiko cha mtindi juu ya mchuzi wa viungo, ondoa bila wasiwasi, chakula hakitajua kama kimeondolewa. Kama kilikuwa na kazi, lazima umtafute mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Na kama kilikuwa ndicho chakula chenyewe, kama kimanda kilivyo mayai, funga ukurasa.

Jibini kwenye pai yako ilikuwa na kazi tatu: chumvi, mafuta, na kushikanisha boga lisimwagike kisu kikipita. "Acha jibini" inaondoa zote tatu kwa mpigo, na unachobaki nacho ni uji wa boga ndani ya unga. Haya, chumvi unayo. Mafuta na ule ukali wa jibini vinapatikana kwenye korosho: kikombe kimoja cha korosho mbichi, ziloweke saa nne au usiku kucha, zisage kwenye blenda na maji kidogo, juisi ya limau, punje ya kitunguu saumu na chumvi hadi ziwe laini kama mtindi mzito. Nunua zile zilizovunjikavunjika, bei yake ni nafuu na blenda haijui tofauti. Majarida ya Ulaya yameigundua krimu ya korosho na kuisifu sana, kumbe korosho zenyewe zinatoka nchi kama yetu, Mtwara na Lindi. Kazi ya tatu, ya kushikanisha, mpe unga wa dengu, uleule wa bagia. Vijiko vitatu vya chakula vilivyokorogwa kwenye hiyo krimu vitaganda kwenye oveni kama mayai yanavyoganda.

Mayai ni hadithi ndefu zaidi kwa sababu yana kazi nyingi. Kwenye keki ya ndizi au mkate laini, kijiko kimoja cha mbegu za kitani zilizosagwa na vijiko vitatu vya maji, vikiachwa dakika kumi, vinashika badala ya yai moja. Ukikosa kitani, ndizi mbivu iliyopondwa nayo inashika, ila keki itakuwa nzito. Kazi ngumu ni ile ya povu, ute wa yai unaopigwa hadi unasimama. Hapo kwa miaka mingi majarida ya walaji mboga hayakuwa na la kumwambia vegani, hadi mwaka 2014 Mfaransa mmoja mwimbaji, Joël Roessel, alipoonyesha kwamba maji yaliyochemshia kunde na jamii yake yanapigika kama ute. Mwaka uliofuata yakapewa jina, akwafaba, na sasa hukosi kuyaona kwenye toleo lolote la Januari.

Nilipowafundisha hilo wapishi wa mlimani hapa Moshi, hakuna aliyeamini. Tulichemsha dengu jioni, zile kubwa za njano, tukaziacha zipoe ndani ya maji yake usiku kucha. Asubuhi tukachuja. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, mazito kidogo, yanavutika kwenye kijiko. Kijana mmoja akaanza kupiga kwa uma, wenzake wakimtania kwamba anapiga maji ya kuosha vyombo. Tukampa mashine. Dakika ya tatu ikawa povu la sabuni. Dakika ya sita likawa jeupe. Dakika ya tisa, na sukari imeingia kidogo kidogo, yule kijana akageuza bakuli juu ya kichwa cha mwenzake aliyekuwa anacheka kuliko wote, na hakikudondoka kitu. Kipimo ni vijiko vitatu vya chakula vya maji hayo kwa yai moja. Kitu kimoja nakuomba: usitie magadi kwenye hizo dengu. Najua tunaharakisha maharage kwa magadi, lakini povu lake litakuwa na ladha ya sabuni kweli.

Kuna vitu ambavyo jarida la walaji mboga linaviona vya kawaida na vegani anavikimbia. Asali ndiyo ya kwanza. Weka sukari guru iliyoyeyushwa. Tambi fresh zina mayai, zile kavu za pakiti mara nyingi hazina, ila soma. Majarini baadhi zina unga wa maziwa au maji ya jibini. Vidonge vya supu visome kwa makini zaidi. Sosi ya Worcester ya asili ina samaki wadogo ndani, na jibini halisi ya Parmigiano-Reggiano hutengenezwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, maana yake hata vejiteriani haimfai, na bado nimeiona ikinyunyiziwa kwenye mapishi yenye V. Divai nyingine husafishwa kwa ute wa yai au kwa kitu kinachotoka kwenye vibofu vya samaki. Mgeni akikuuliza kinywaji cha hapa, mbege haina shida: ndizi, ulezi na gome la msesewa.

Kuhusu picha nitasema machache. Mwaka 2011 jarida moja la Marekani, VegNews, ambalo ni la vegani kabisa, liligundulika kuwa limetumia picha za kununua za vyakula vya nyama kuonyesha mapishi ya vegani, nyingine mifupa ikiwa imefutwa kwa kompyuta. Wasomaji walichemka, jarida likaomba radhi. Kama jarida la vegani wenyewe liliteleza hivyo, wewe usijitese kwa nini pai yako haifanani na ya kwenye karatasi. Labda ile ya kwenye karatasi nayo haifanani na mapishi yake.

Unaweza kujiuliza kwa nini yule dada aliuliza kabla hata hajameza. Vegani wengi wameshazoea kudharauliwa mezani. Mwaka 2018 mhariri wa jarida la chakula la duka kubwa moja la Uingereza, William Sitwell, alijiuzulu baada ya kumjibu mwandishi aliyempelekea wazo la makala za vegani kwa utani wa kuwaua vegani mmoja mmoja. Jarida lile halikuwa la walaji mboga, lakini linakupa picha ya hewa wanayovuta. Mtu wa namna hiyo akiuliza kuhusu jibini hakutuhumu, anajikinga.

Sasa, jambo ambalo hakuna jarida lolote kati ya yale tisa litakuambia, na kwako ndilo kubwa: mapishi yao yameandikwa kwa mtu anayekaa chini, karibu na usawa wa bahari, ameshiba tangu jana na anataka kupungua. Mgeni wako anapanda Kilimanjaro. Angalia mapishi ya vegani ya Januari uone yalivyo mepesi, saladi ya majani na mbegu kidogo, supu ya maji. Hayo mpe siku akishuka akipenda. Kabla ya kupanda na akiwa njiani anahitaji chakula chenye nguvu: karanga zilizosagwa kwenye mchicha, tui zito la kwanza, parachichi, viazi, ndizi, wali wa nazi, maharage kila siku. Ukiona mapishi ya jarida yanasema "kwa watu wanne", kwa wapanda mlima soma wawili.

Na kama unapikia kampuni chakula cha kubeba, kumbuka moto wa juu siyo wa Moshi. Kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600. Pale maji yanachemka yakiwa kwenye nyuzi kama 85 tu. Yanatokota kweli, mvuke unapanda, lakini maharage makavu unaweza kuyakesha nayo yakabaki kokoto. Presha kuka au maharage yaliyoiva tayari kutoka chini. Jarida linasema "chemsha dakika arobaini" bila kujua uko wapi. Dengu nyekundu zilizoparazwa zinafaa zaidi, zinaiva upesi na mgeni anapata protini yake. Suala la vitamini B12, ambalo utaliona limeandikwa sana kwenye majarida ya vegani na kwa uchache kwenye ya walaji mboga, ni la kweli: haipatikani kwenye mimea, vegani lazima aipate kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa, wakati mla mayai na maziwa anaipata humo. Lakini si mzigo wako. Mgeni wa wiki moja amekuja na akiba yake mwilini, na wengi wanatembea na vidonge vyao.

Hapa nitakuchokoza kidogo. Umepika pai ya Mwingereza huku umezungukwa na chakula cha vegani kisichohitaji mstari wa chini. Kiburu, ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja vikapondwa, ni cha vegani tangu kwa bibi yako, mradi usikiunge kwa samli. Makande yale yale. Loshoro ya Wameru na Waarusha ni vejiteriani lakini si vegani, kwa sababu maziwa mgando ndiyo roho yake. Ukiyaondoa unarudi kwenye makande. Mtori nao usijaribu kuudanganya, bila nyama utakuwa supu ya ndizi, tamu tu, lakini iite supu ya ndizi. Unaona? Ni kipimo kilekile cha kidole, na hukuhitaji jarida.

Unao majirani pia wa kuwauliza. Wasabato wako Upare tangu 1903, na baadhi yao wameacha nyama kwa imani. Mama wa Kisabato anayepika bila nyama kila siku atakufundisha soya vizuri kuliko ukurasa wowote wa rangi. Wahindi wa Arusha na Moshi wanajua dengu na viungo, ila ukiwaomba mapishi sema mapema "bila samli, bila mtindi", maana kwao hivyo havihesabiki kama kitu cha kutajwa.

Kuhusu kulipia: usilipie mwaka mzima. Kwa nyumba ya vyumba sita, fedha hiyo nunua blenda nzuri. Kama kuna mgeni anakuja kutoka Uingereza na ana nafasi kwenye begi, mwombe toleo la Januari na la Novemba tu, au mwombe jarida la vegani lenyewe badala ya la walaji mboga, kwa sababu humo pai ilibuniwa bila jibini tangu mwanzo na hukuti mstari wa kubahatisha. Yale tisa usiyatupe. Chukua kalamu nyekundu, pitia kila mapishi kwa kidole, andika pembeni P kwa pambo, K kwa kazi, na chora mstari juu ya yasiyookoka. Kazi ya mchana mmoja hiyo, na msaidizi wako wa jikoni ataweza kuyatumia hata siku usipokuwepo.

Na ile pai irudie. Boga likate, lipake mafuta ya alizeti na chumvi, lioke kwanza peke yake hadi likauke kidogo kingoni, usilichemshe, litatoa maji. Mchicha ukaushe kwenye kikaango na kitunguu, kisha ukamue kwa mkono. Changanya na krimu ya korosho yenye unga wa dengu, onja chumvi. Donge la unga tumia majarini uliyoisoma, au mafuta ya nazi yaliyoganda, siku ya joto yaweke kwenye friji kwanza. Juu, pale jarida linaposema paka yai lililopigwa, paka tui zito lenye chembe ya manjano. Iache ipoe dakika ishirini kabla ya kukata. Ikiwa ya moto hata ya jibini inamwagika.

Kama yule dada bado yuko kwako, mkatie yeye kipande cha kwanza, umtajie kila kilichomo.